Maswali Yenu: Kusoma kwa Simu Baada ya Zamu ya Usiku

Kwa kawaida ukurasa huu ni wa wagonjwa na jamaa zao. Mwezi huu nimewapisha watu wa kazi yangu, kwa sababu tangu msimu wa kuhuisha leseni uanze, barua za wauguzi, maafisa wa kliniki na madaktari zimezidi za wengine wote. Karibu zote zinauliza jambo moja: hizi kozi za mtandaoni tunazozisoma ili tupate pointi za kuhuisha leseni zinamsaidia nani? Mimi ni afisa wa kliniki, huu ni mwaka wangu wa 28 kazini, mwingi wake katika wodi ya watoto hapa Nairobi. Nitajibu kama ninavyowajibu wanagenzi wangu tukiwa chumba cha chai. Barua nimezifupisha na majina nimeyaondoa.

Swali: Hujambo Mwalimu. Mimi ni mkunga katika kituo cha afya, Kayole. Nina watoto wawili, mdogo bado ananyonya. Mwaka huu nimekusanya vyeti 14 vya webina, yale masomo ya moja kwa moja mtandaoni. Ukweli ni kwamba naingia, nazima sauti, naweka simu juu ya friji na kuendelea kupika. Kuna siku niliingia webina mbili kwa mpigo, moja kwa simu yangu na nyingine kwa simu ya mume wangu. Pointi zimetimia. Lakini wiki mbili zilizopita mama mmoja alitokwa damu nyingi baada ya kujifungua, nami nikasimama pale kama mtu wa siku ya kwanza kazini. Aliyemwokoa ni dada wa zamu iliyotangulia, ambaye kwa bahati alikuwa hajaondoka. Naona aibu. Mwenye tatizo ni mimi au ni webina?

Jibu: Dada yangu, pole kwa usiku huo, na ahsante kwa kusema kweli. Wengi wanaonisoma sasa hivi simu zao nazo ziko juu ya friji, ila aliyeandika ni wewe.

Tuanze na webina. Mwaka 2008 jarida la JAMA la Marekani lilichapisha uchambuzi wa tafiti 201 kuhusu wahudumu wa afya wanaosoma kwa intaneti. Waliosoma kwa intaneti walijua zaidi kuliko wale ambao hawakusoma chochote, na hilo halikumshangaza mtu. Walipolinganishwa na waliokaa darasani, tofauti ilikuwa ndogo sana. Mimi ninachokitoa hapo ni kwamba simu haifundishi, na kuta za darasa hazifundishi. Kinachofundisha ni kile unachofanyishwa: kuulizwa, kukosea, kusahihishwa, kurudia. Webina ambayo mtu anasoma slaidi zake saa nzima huku mamia wamezima sauti haimfanyishi mtu chochote. Hata ungeketi mbele ya simu umekodoa macho, sidhani usiku ule ungekwenda tofauti.

Acha nikueleze jambo lililonibadilisha mimi. Mwaka juzi dada msimamizi wa wodi ya uzazi alituita watu wanane baada ya kukabidhiana zamu. Kwenye sakafu alikuwa ametandaza shuka kuukuu, kanga moja na pedi mbili. Alikuwa na jagi la maji aliyoyatia rangi nyekundu ya juisi. Akamwaga kiasi kwenye shuka, kiasi kwenye kanga, na yaliyobaki akayaacha yanyonywe na pedi. Kisha akatugawia vikaratasi: andikeni damu hii ni mililita ngapi. Mimi niliandika 200. Mwenzangu mmoja akaandika 150. Wengine 250, 300. Hakuna aliyefika 400. Dada yule hakusema neno. Alijaza tena jagi lake mpaka pale pale lilipokuwa mwanzo, akachukua ule mfuko wa plastiki wenye mistari ambao mama huwekewa chini ya nyonga akishajifungua, akamimina. Maji yakapanda polepole, yakapita mstari wa 200, yakapita wa 300, yakaja kusimama kwenye 500.

Nusu lita, dada. Na nusu lita ndicho kiwango tulichofundishwa sote kwamba mama akikifikia anahesabiwa kuwa anatokwa damu kupita kiasi. Watu wanane wenye leseni tulikuwa tumeitazama na kuiona ya kawaida.

Jioni ile ndipo nilipofungua kozi niliyokuwa nimeilipia bando miezi mitatu bila kuigusa, na kwa mara ya kwanza niliisoma kama mtu anayetafuta kitu. Humo nilikutana na utafiti uitwao E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na wanawake zaidi ya 200,000. Hospitali zilizotumia mfuko ule wenye mistari na kumtibu mama kwa hatua zote kwa pamoja, bila kungoja hatua moja ishindwe ndipo zijaribu nyingine, ziligundua zaidi ya visa 9 katika kila 10 vya kutokwa damu kupita kiasi. Zile zilizoendelea kukadiria kwa macho ziligundua nusu tu. Na yale matokeo mabaya kabisa, kutokwa damu lita moja au zaidi, kupasuliwa kwa sababu ya damu, au kufa kwa sababu ya damu, yalipungua kwa asilimia 60. Ningeyasoma haya kabla ya lile jagi, yangeingia sikio hili na kutokea lile.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Yule mama wa wiki mbili zilizopita ndiye kozi yako. Waache wengine wote kwa sasa. Tafuta somo moja la kutokwa damu baada ya kujifungua, lisizidi saa moja au mbili, na kabla hujasoma chochote nenda kwenye maswali ya mwisho ujaribu kuyajibu. Utakosea. Ukikosea, akili inashtuka na kutaka kujua kwa nini, na ukirudi kusoma unasoma kwa njaa. Rudia maswali yale yale baada ya wiki moja, kisha baada ya mwezi.

Halafu kuna sehemu ambayo simu haiwezi kukusaidia. Siku ya zamu tulivu, mwombe mwenzako alale kitandani awe mama. Sema hatua kwa sauti huku mikono yako ikizifanya: kukanda mfuko wa uzazi, oksitosini ya kuukaza, traneksamiki ya kupunguza damu, dripu, kuchunguza damu inatoka wapi, kuita msaada. Utakapofika kwenye traneksamiki, simama. Iko droo gani? Je, usiku droo hiyo inafungwa, na ufunguo anao nani? Dawa hiyo inatakiwa imfikie mama ndani ya saa 3 baada ya kujifungua, na nimeona dakika 40 zikipotea kwa sababu ya ufunguo ulio mfukoni mwa mtu aliyekwisha panda matatu. Hakuna kozi ya mtandaoni itakayokwambia ufunguo wenu uko wapi.

Aibu uliyoipata usiifukuze upesi. Ipeleke wodini, umwambie yule dada aliyekuokoa akufanyishe zoezi. Nina hakika atafurahi.

Swali: Salaam. Nimekuwa muuguzi huku Eastlands miaka 33, nastaafu mwakani. Vijana wananitumia linki kila siku: soma hii, ingia ile. Mimi nilifundishwa na sista mkali na wagonjwa wenyewe. Mwili wa binadamu ni ule ule. Kwa nini nisumbuliwe na simu mwaka wangu wa mwisho?

Jibu: Shikamoo kaka. Nakujibu kwa heshima, kwa sababu watu wa rika lako ndio walionishika mkono nikianza kazi, na kwa sababu swali lako nililiuliza mimi mwenyewe, kwa ukali kuliko wewe, na sitasahau siku hiyo.

Unakumbuka tulivyokuwa tukimpokea mtoto mwenye homa kali, mikono baridi, mapigo ya moyo yanakwenda mbio? Tulifundishwa kumjaza maji ya mshipani haraka. Mililita 20 kwa kila kilo, tena upesi, na kama hajaamka, mpe tena. Mimi nilisifiwa kwa mkono wangu. Nilikuwa naushika mfuko wa dripu kwa viganja viwili naukamua kama ninayekamua nguo, na mama wa mtoto anasimama pembeni akiniona napigana. Watoto wengi waliamka. Wengine, ikifika alfajiri, walianza kuhema kwa shida, na tulisema ugonjwa ulikuwa mkali.

Mwaka 2011 yakatoka matokeo ya utafiti wa FEAST. Haukufanyika Ulaya. Ulifanyika Kenya, Uganda na Tanzania, ukiongozwa na Profesa Kathryn Maitland ambaye kituo chake cha kazi kilikuwa Kilifi, kwa watoto 3,141 wa aina ile ile tuliyokuwa tukiipokea wewe na mimi. Walikusudia kufika watoto 3,600, lakini wasimamizi waliusimamisha kabla, kwa sababu madhara yalikwisha onekana. Katika kila watoto 100 waliojazwa maji haraka, kati ya 10 na 11 walifariki ndani ya siku mbili. Katika kila 100 ambao hawakujazwa haraka, walifariki 7. Watoto watatu zaidi katika kila mia, kaka, kwa sababu ya jambo tulilolifanya kwa upendo.

Habari hizo mimi hazikunifikia mwaka ule. Zilinifikia baadaye, kinywani mwa mwanagenzi aliyekuwa amezisoma kwenye kompyuta. Alinikuta na mfuko viganjani, akaniambia kwa sauti ya chini, "Madam, kuna utafiti mpya." Nilimjibu mbele ya mama wa mtoto kwamba nilikuwa nikifanya kazi hii yeye akiwa shule ya msingi. Mtoto yule alipona, namshukuru Mungu. Lakini niliendelea kukamua mifuko kwa wiki kadhaa nyingine mpaka aibu iliponishika nikaomba nisome mwenyewe. Yule kijana nilimtafuta nikamwomba msamaha. Wiki zile siwezi kuzirudisha.

Nisije nikaeleweka vibaya na kijana yeyote anayesoma hapa: mtoto anayeharisha na kukaukiwa maji, aliyeungua, au aliyeumia na kutoka damu hakuwamo katika utafiti ule. Huyo bado anahitaji maji yake kama mwongozo unavyosema. Soma mwongozo wote, usishike mstari mmoja ukakimbia nao.

Na kwinini je? Ni dripu ngapi za kwinini umezitundika katika maisha yako, ukisubiri mtoto wa malaria kali afumbue macho? Mwaka 2010 utafiti wa watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika ulionyesha kwamba waliopewa sindano za atesuneti walikufa wachache kwa asilimia 22 na nusu kuliko waliopewa kwinini. Mwili ni ule ule, naam. Tunachokijua kuuhusu mwili huo ndicho kinachohama, na kinahama tukiwa zamuni, hakuna anayekuja kugonga mlango kutuambia.

Sasa na mimi nina ombi kwako. Hao vijana wanaokutumia linki wanajua kipimo cha kila dawa, lakini wengi wao hawawezi kusimama mlangoni mwa chumba chenye watoto 30 wakamnyooshea kidole yule mmoja anayezidiwa. Wewe unaweza. Sista wako mkali alikuachia jicho hilo, na halimo katika linki yoyote. Mwaka huu wa mwisho mchukue kijana mmoja, mkae mezani mara moja kwa wiki. Yeye akusomee jambo moja jipya, wewe umpeleke kitandani umwonyeshe jambo moja la zamani. Ukistaafu bila kufanya hivyo, unaondoka na kitu cha watu.

Swali: Mama, mimi si daktari, nauza nguo Githurai, lakini naomba unijibu. Nilimpeleka mtoto wangu hospitalini akiwa na homa. Daktari alikuwa kijana. Alimpima, halafu akatoa simu akaanza kuitazama, akaandika dawa huku akitazama simu. Nililipa pesa nzuri. Je, huyo ni daktari kweli, au na yeye anatafuta mtandaoni kama mimi?

Jibu: Dada, barua yako nimeiweka makusudi katikati ya barua za madaktari ili waione.

Kuna uwezekano mkubwa kijana huyo alikuwa akifanya jambo zuri. Dawa za watoto hupimwa kwa kilo. Chukua hii ya homa tunayoijua sote, parasetamoli: ni miligramu 10 mpaka 15 kwa kila kilo, kwa hiyo mtoto wa kilo 11 hatazidishiwa miligramu 165 kwa mara moja. Hiyo ni rahisi. Kuna dawa nyingine ambazo ukikosea hesabu kidogo unaumiza masikio au figo za mtoto. Zamani tulikuwa na kile kijitabu cha miongozo ya watoto mfukoni mwa koti jeupe, kimechakaa pembe, na hakuna mama aliyetushuku tukikifungua. Leo kijitabu hicho kimo ndani ya simu. Ningekuwa mimi ndiye mwenye mtoto, ningemwogopa zaidi daktari anayekisia kwa kichwa saa tisa ya usiku.

Kosa lake, kama ninavyoliona, ni kwamba alinyamaza. Wewe umekaa na mtoto anachemka mapajani, mtu anatazama simu, utajuaje kwamba hasomi ujumbe wa rafiki yake? Wanagenzi wangu nimewawekea sharti: ukitoa simu mbele ya mgonjwa, sema unatazama nini, na skrini uigeuze mama naye aione. "Mama, natazama kipimo cha kilo 11." Maneno hayo hayachukui muda.

Na wewe una haki ya kuuliza. Siku nyingine mwambie kwa upole, "Daktari, unatazama nini hapo?" Anayetazama mwongozo atakuonyesha.

Swali: Mwalimu, mimi ni afisa wa kliniki mwenye miaka miwili kazini, kliniki ndogo Kawangware, niko peke yangu mara nyingi. Tuna kundi la WhatsApp la waliomaliza darasa moja. Nikipata mgonjwa mwenye upele nisioujua, nampiga picha naiweka humo, na ndani ya dakika kumi nimepata majibu. Nimejifunza mengi kuliko webina zote. Mwenzangu ananiambia navunja sheria. Ni kweli?

Jibu: Mwanangu, mwenzako ana haki ya kukushtua. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na habari za afya ya mtu zimo miongoni mwa zile zinazolindwa kwa uzito zaidi. Picha ya mgonjwa ikishaingia kwenye kundi la watu 80, imeingia kwenye simu 80, na simu hupotea, huuzwa, huchezewa na watoto nyumbani. Mtu akikuamini akavua shati, hakuwavulia shati watu 80.

Lakini nisikuzimie taa, kwa sababu ulichogundua ni cha thamani. Daktari anayefanya kazi peke yake hujifunza upesi akiwa na mgonjwa wake wa kweli mbele yake na wenzake wa kuwauliza. Mwaka 2003, huko Albuquerque, Marekani, Dakta Sanjeev Arora alikuwa bingwa wa ini, na wagonjwa wa homa ya ini aina ya C walikuwa wakisubiri miezi ili wamwone. Akaanza kukutana kwa video kila wiki na madaktari wa vijijini na wa magerezani. Kila mmoja alileta mgonjwa wake bila jina, wakamjadili pamoja. Mpango ule ukaitwa Project ECHO. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2011: wagonjwa waliotibiwa na mabingwa chuoni, virusi viliwaondoka asilimia 57 na nusu yao, na waliotibiwa na madaktari wale wa vijijini na magerezani, asilimia 58. Daktari wa kijijini alikuwa ametibu sawa na bingwa, kwa sababu hakuachwa peke yake.

Kwa hiyo endelea kuuliza, badilisha namna. Mwombe mgonjwa ruhusa kabla ya kupiga picha, kwa maneno atakayoyaelewa, na umwambie nani ataiona. Akikataa, basi. Asionekane uso, wala chale, wala kitambulisho kilicho mezani. Usitaje jina, mtaa wala kazi yake. Mara nyingi hata picha haihitajiki: ukilazimika kuueleza upele kwa maneno, rangi yake, ulipoanzia, kama una maji, kama unawasha, nusu ya jibu unalipata ukiwa bado unaandika. Na zile dakika kumi za majibu zichukue kama pa kuanzia. Wenzako wote mlitoka darasa moja, na asichokijua mmoja huenda wote hamkijui. Tafuteni mtu mmoja aliyebobea magonjwa ya ngozi, mwombeni saa moja kwa mwezi.

Swali: Kuna mtu anauza pointi. Unamtumia pesa kwa M-Pesa, cheti kinakuja na jina lako. Wengi wananunua. Nifanye nini?

Jibu: Usinunue, na ukiwa na ujasiri peleka habari kwa baraza lako, lile linalokupa leseni. Kila baraza lina watoaji wa mafunzo liliowaidhinisha, na pointi halali unaziona kwenye akaunti yako mwenyewe katika mfumo wa baraza. Siku moja mtoto wako ataugua mbali nawe, na atakayemshika atakuwa mmoja wa hao walionunua.

Swali: Habari Mwalimu. Mshahara wangu unaujua. Bando zinakwisha kabla ya somo kwisha, na nyumbani tunakaa chumba kimoja. Nisome vipi, na nisome wapi bila kulipa?

Jibu: Nakuelewa vizuri, nimesomea ngazini mwa ploti nikiwa nimejifunika leso kwa baridi.

Kozi nzuri za bure zipo. Shirika la Afya Duniani lilifungua jukwaa la OpenWHO mwaka 2017, na sasa kazi hiyo inaendelezwa na WHO Academy, ambayo makao yake yako Lyon, Ufaransa. Hapa kwetu shirika la afya la Amref wamekuwa katika kazi hii muda mrefu. Mwaka 2005, wakishirikiana na Baraza la Wauguzi, walianza kuwafundisha kwa kompyuta wauguzi wa ngazi ya cheti ili wafike stashahada. Wauguzi hao walikuwa zaidi ya 20,000 nchini, na madarasa ya kawaida yasingewamaliza katika maisha ya mtu. Rafiki yangu mmoja alisoma hivyo. Alikuwa hajui hata kushika kipanya. Alisoma akiwa kazini, bila kuacha mshahara wala watoto, na ndiye aliyenifundisha mimi jinsi ya kufungua barua pepe.

Kuhusu bando: video ndiyo mla bando. Kozi nyingi zina maandishi ya somo lile lile, yapakue hayo kwanza, video uiache mpaka uwe mahali penye wifi. Kama kituo chenu kina wifi ofisini, mwombe msimamizi kwa maandishi mruhusiwe kupakua masomo mara moja kwa wiki. Nilipoomba hivyo nilikataliwa mara mbili, ya tatu nikakubaliwa. Wenzangu wanne huchangia kama chama: mmoja anapakua, wote tunasoma, na siku ya Ijumaa saa nane mchana, kabla zamu ya jioni haijaja, tunaulizana maswali kwa dakika 20 tukiwa tumesimama. Dakika 20 tu, maana ya 21 haipatikani.

Safarini napo panatosha ukiwa na maandishi. Ninakaa Kikuyu, na foleni ya Waiyaki Way imenisomesha mengi, ilimradi nimepata kiti cha dirishani na makanga hajafungulia muziki.

Usianze na kozi tatu. Fikiria mgonjwa mmoja aliyekushinda mwezi huu, andika ugonjwa wake kwenye kikaratasi, ukiweke nyuma ya kitambulisho chako cha kazi, na utafute kozi moja ya ugonjwa huo. Ukiimaliza, niandikie si jina la cheti, niandikie ni kitu gani umekihamisha wodini: droo, ufunguo, au mkono wako mwenyewe.